GEMU LA THE SIMS: MIAKA 25 YA KULIPENDA NA KULISEMA

SEHEMU YA 1: NESI NA GEMU WAPI NA WAPI?

Najua hapa tumezoea kuongea homa, chanjo, kitovu cha mtoto na maziwa yanayochelewa kutoka. Leo nawaletea historia. Ni ndefu kidogo, nimeikata vipande. Soma ukiwa unanyonyesha, soma ukiwa kwenye foleni ya kliniki, ukichoka weka alama urudi kesho.

Swali ninaloulizwa na mama wenye watoto wakubwa kidogo, wa darasa la sita kwenda juu, ni hili: "Sista, binti yangu likizo nzima yuko kwenye The Sims. Anajenga nyumba, anaozesha watu, anawazalisha, anawafukuza kazi. Ni baya hilo gemu?"

Siwezi kujibu kwa ndiyo au hapana. Na siyo mimi tu. Watu wanaolijua gemu hili kuliko wote, yaani mashabiki wake wenyewe, wamekuwa wakilijibu swali hilo tangu mwaka 2000 na hawajamaliza. Wanalicheza usiku, asubuhi wanalisema. Mimi naona kuna kitu cha kujifunza kwao, hasa sisi wazazi.

Kwa asiyelijua: The Sims ni gemu la kuigiza maisha. Halina vita, halina mbio za magari, halina kushinda. Unatengeneza watu wadogo kwenye kioo, unawapa nyumba, kazi, marafiki na watoto. Wanakula, wanaoga, wanagombana, wanapendana, wanalipa bili. Wewe ndiye unayewaongoza, lakini na wao wana akili zao. Ukiwaacha, watafanya wanavyojua.

SEHEMU YA 2: LILIANZA NA NYUMBA KUUNGUA

Aliyelibuni anaitwa Will Wright, Mmarekani. Mwaka 1989 kampuni yake, Maxis, ilikuwa imeshatoa SimCity, gemu la kujenga mji. Halafu Oktoba 1991 moto mkubwa ulipiga milima ya Oakland, California. Watu 25 walikufa na maelfu ya makazi yakateketea. Nyumba ya Wright ilikuwa mojawapo. Familia yake ilisalimika, vitu havikusalimika.

Kila aliyewahi kuunguliwa au kukumbwa na mafuriko anajua kinachofuata. Unaanza upya. Unanunua sufuria, unanunua shuka, unanunua mswaki. Kila kitu unachokishika unajiuliza: hiki nakihitaji kweli, au nilikuwa nacho tu kwa mazoea? Wright mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba maswali hayo, ya binadamu anahitaji nini hasa ndani ya nyumba, ndiyo yaliyolea gemu.

Kazini kwake waliuona mradi huo kama nyumba ya wanasesere. Wakubwa hawakuutaka. Siku zile soko la magemu lilihesabiwa kuwa la wavulana, na mvulana gani atakaa kupanga sofa na kumpeleka mtu chooni? Mradi ukakaa pembeni miaka kadhaa. Mwaka 1997 kampuni ya Electronic Arts iliinunua Maxis, na tarehe 4 Februari 2000 The Sims ikaingia sokoni. Kufika mwaka 2002 ilikuwa imelipita gemu la Myst na kuwa gemu la kompyuta lililouzwa zaidi kuliko yote hadi wakati huo.

Hivi waliolikataa walikosea wapi? Walisahau kitu ambacho mimi na wewe tunakijua toka utotoni. Mtoto yeyote aliyewahi kupika ugali wa mchanga kwenye kifuniko cha kopo, akamfunga mdoli mgongoni na kumwambia mwenzake "wewe baba, mimi mama, hawa watoto wetu", huyo ameshacheza The Sims. Kujipikilisha hakukuanzia kwenye kompyuta. Wasichana na wanawake walilipokea gemu hili kwa wingi ambao biashara ya magemu haikuwa imeuzoea, na mpaka leo ndio nguzo yake.

SEHEMU YA 3: MAHITAJI MANANE, NA UGOMVI WA KWANZA

Sasa hapa unesi wangu unaingia. Katika gemu lile la kwanza kila mtu alikuwa na vipimo vinane: njaa, kupumzika vizuri, usafi, haja, nguvu, burudani, kuwa na watu, na chumba anachoishi kilivyo. Kipimo kikishuka, mtu ananuna, anagoma kazi, anazimia kwa usingizi, anajikojolea hadharani.

Ukisomea unesi, siku za mwanzo unafundishwa mahitaji ya binadamu kwa mpangilio unaofanana na huo. Kwanza mwili, halafu usalama, halafu upendo na kuheshimika. Ndiyo maana napenda sehemu hii ya gemu. Mtoto wa miaka kumi na mbili anajifunza kwamba mtu hakasiriki bure. Pengine hajalala. Pengine hajala. Pengine hajaongea na mtu siku nzima. Mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita akilia jikoni, kabla hujasema "ana hasira huyu", angalia vipimo vyake. Vingapi viko chini?

Lakini ugomvi wa kwanza nao ulizaliwa hapo hapo. Wakosoaji walisema: ndani ya gemu hili furaha inanunuliwa. Kitanda cha bei kinalaza vizuri kuliko cha bei nafuu. Televisheni kubwa inafurahisha zaidi. Mtu anaenda kazini ili anunue sofa, anakaa kwenye sofa ili apate nguvu ya kwenda kazini. Hayo ndiyo maisha tunayowafundisha watoto?

Wright alijibu kwamba mle ndani kuna kejeli. Unanunua vitu vingi ukidhani vitakurahisishia, halafu vinaanza kuharibika. Sinki linavuja, kompyuta inakufa, vyombo vinarundikana, na muda wako wote unaishia kuvihudumia vitu. Ukicheza vya kutosha unaiona hiyo kejeli.

Mashabiki hawakukubaliana. Wengine waliiona kejeli na wakacheka. Wengine walisema kejeli ni kejeli, lakini mimi nataka hilo sofa. Na wengi, nadhani wengi zaidi, waliweza kushika yote mawili kwa wakati mmoja: najua hili gemu linaniuzia ndoto ya kununua, na bado nafurahia kupanga sebule ambayo kwa mshahara wangu sitaipata. Mama anayepanga sebule kwenye kioo usiku, wakati kwake kochi ni moja na limepasuka, sioni dhambi yake.

Kulikuwa pia na somo la afya ambalo nalisimulia kila nikipata nafasi. Mwaka 2000 kilitoka kifurushi cha kwanza cha nyongeza, na ndani yake kulikuwa na simbilisi wa kufuga. Usiposafisha kizimba chake, akimng'ata mtu, yule mtu anaanza kuumwa na anaweza kuwaambukiza wenzake nyumbani, hata kufa. Watu walipoteza familia nzima za kwenye kioo wakishangaa kimetokea nini. Dawa ilikuwa usafi na kupumzika. Hapo siongezi neno.

SEHEMU YA 4: WATOTO WALIPOTEA WAPI?

Hii ndiyo sehemu niliyotaka mama mnisikilize zaidi.

Kwenye The Sims ya mwaka 2000 hakukuwa na ujauzito. Wawili wakipendana sana, linatokea swali: mnataka mtoto? Mkisema ndiyo, kitanda cha mtoto kinaingia ndani, mtoto yumo. Hakuna kliniki, hakuna kichefuchefu, hakuna uchungu. Kwa siku tatu za gemu mtoto analia usiku na mchana, mnamlisha, mnambembeleza, mnamchezesha. Mkimtelekeza anakuja afisa ustawi wa jamii anamchukua. Mkiziweza siku tatu, anageuka mtoto wa shule na anabaki hivyo milele. Wazazi nao hawazeeki.

Mwaka 2004 ikaja The Sims 2, na mashabiki wengi wakaona hapo gemu limepata roho. Ujauzito ukawepo, tumbo linaonekana. Mtoto akarithi pua ya baba na macho ya bibi. Mtoto mchanga akakua, akawa anayetambaa, unamfundisha kutembea, kuongea, kwenda kwenye poti. Akawa wa shule, kijana, mtu mzima, mzee, akafa, na wajukuu wakalia. Watu wakaanza kucheza ukoo: kizazi cha kwanza, cha pili, cha kumi. The Sims 3 ya mwaka 2009 ikaendeleza.

Halafu Septemba 2014 ikatoka The Sims 4. Watu walifungua wakakuta mabwawa ya kuogelea hayapo, na watoto wa umri wa kutambaa na kuanza kutembea hawapo. Mtoto mchanga alikuwepo, ila alikuwa kama sehemu ya kitanda chake. Huwezi kumbeba ukatoka naye. Siku yake ikifika, anatoka kitandani akiwa mtoto wa shule, moja kwa moja!

Fikiria wewe ambaye una mtoto wa mwaka na nusu hapo ulipo, anamwaga unga, anaita kila mtu "mama", anagoma kuvaa viatu. Kampuni imeamua kipindi chote hicho kinaweza kuachwa. Maelezo yao yalikuwa kwamba muda na nguvu kazi vina mipaka, na wao walichagua kuweka juhudi kwenye hisia za wahusika na namna mpya ya kujenga nyumba.

Mashabiki walichachamaa. Waliandika, walikusanya sahihi, wengine walirudi kwenye matoleo ya zamani. Na wengine, hao hao waliokuwa wakilalamika, waliendelea kulicheza kwa sababu kweli hisia zilikuwa nzuri na kujenga kulikuwa kutamu. Hawakuona aibu. Waliweza kusema "hiki mmefanya vizuri" na "hiki mmetunyima" katika pumzi moja.

Mabwawa yakarudi Novemba 2014. Watoto wa kutembea wakarudi Januari 2017, bure, zaidi ya miaka miwili baadaye, na safari hii wakiwa wametengenezwa kwa uangalifu mpaka waliokuwa na hasira wakasifu. Mwezi Machi 2023 wakaongezwa watoto wachanga wanaobebeka, nao bure. Ndani yake kuna kunyonyesha au kutumia chupa, kubadilisha nepi, hata kumlaza mtoto kifudifudi akiwa macho ili shingo ikaze.

Hilo la mwisho lilinifurahisha kama nesi. Ndivyo tunavyowafundisha kliniki: mtoto akiwa macho, na wewe upo unamwangalia, mlaze kifudifudi kidogo kidogo kila siku aimarishe shingo na mabega. Akienda kulala, mlaze chali. Usichanganye hayo mawili.

Lakini sijasahau ilichukua muda gani. Toka 2014 mpaka 2023 ni miaka tisa. Anayesema malalamiko ya mashabiki ni kelele tu, aangalie tarehe hizo.

SEHEMU YA 5: RANGI YETU, NYWELE ZETU

Kuna lalamiko lingine lililotugusa watu weusi popote tulipo. Kwa miaka mingi kwenye The Sims 4 rangi za ngozi nyeusi zilikuwa chache na zimefifia, zingine zinaonekana kama majivu, ngozi isiyopakwa mafuta. Nywele zilikuwa hivyo hivyo. Mitindo ya nywele laini tele, ya nywele zetu za kipilipili michache, na mingine haikufanana na nywele ya mtu yeyote unayemjua.

Mashabiki weusi hawakukaa kusubiri. Mmarekani mweusi Amira Virgil, anayejulikana mtandaoni kwa jina la Xmiramira, alitengeneza mwenyewe mkusanyiko wa rangi za ngozi akauita Melanin Pack na kuwapa wachezaji wenzake waweke kwenye gemu. Wengine wakasuka nywele za kwenye kompyuta: rasta, mabutu, afro za kila saizi. Desemba 2020 kampuni ikaongeza rangi mpya za ngozi zaidi ya 100, bure kwa wote.

Mzazi, usilichukulie hili kirahisi. Mtoto wa kike akikaa kutengeneza mtu anayefanana naye, akatafuta rangi yake akaikosa, akatafuta nywele zake akazikosa, anajifunza kitu hata kama hakuna aliyemwambia neno. Tunawapokea wodini wasichana waliounguzwa ngozi na mkorogo. Safari ya kufika pale haianzi siku alipoununua.

SEHEMU YA 6: HELA, NA WENYE GEMU

Toka Oktoba 2022 The Sims 4 ya msingi ni bure. Mwaka 2023 kampuni ilisema waliowahi kulicheza wamepita milioni 70. Sasa ukisikia bure, uliza biashara iko wapi. Iko kwenye vifurushi, na hapa Tanzania neno vifurushi hatufundishwi! Unataka wanyama wa kufuga? Kifurushi. Misimu ya mvua na baridi? Kifurushi. Chuo kikuu? Kifurushi. Ukivinunua vyote kwa bei ya kawaida, unapita dola 1,000.

Hapa mashabiki ni wakali kweli. Wanasema vitu vilivyokuwa vya kawaida zamani vinakatwa vipande na kuuzwa kimoja kimoja, na vingine vinatoka vikiwa na kasoro. Mfano unaotajwa sana ni kifurushi cha harusi cha mwaka 2022: watu walinunua, wakaandaa harusi, wageni wakawa hawasikii, kila mtu anafanya yake. Wakanung'unika, kampuni ikarekebisha.

Na Septemba 2025 ikatangazwa kwamba Electronic Arts inanunuliwa na kundi la wawekezaji, ukiwemo mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, kwa dola bilioni 55. Mashabiki wakagawanyika tena. Wapo waliosema ninaondoka, siwezi kuwapa hela yangu. Wapo waliosema nimeshanunua, nitacheza nilichonacho, ila sinunui kipya. Wapo waliosema mimi nalea familia yangu ya kwenye kioo toka nikiwa shule, wenye kampuni wabadilike wasibadilike sitoki. Sikuambii nani yuko sahihi. Nakuonyesha tu kwamba kupenda kitu hakujawazuia kukipima.

SEHEMU YA 7: SASA WEWE MAMA UFANYE NINI?

Turudi kwenye swali. Ni baya?

Kwanza umri. Ulaya gemu hili limewekewa miaka 12 na kuendelea, Marekani limewekwa kundi la vijana. Kuna mapenzi ya watu wazima yaliyofichwa chini ya shuka, kuna kifo, na toka mwanzo linaruhusu wapenzi wa jinsia moja. Uyajue hayo, uongee na mwanao kwa jinsi mnavyoishi nyumbani kwenu, usisubiri agundue peke yake. Kwa wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikiwa pungufu ni bora zaidi.

Pili hela. Usiache namba ya kadi au ya pesa ya simu kwenye kifaa anachochezea. Akitaka kifurushi, akae aandike: kina nini, kinagharimu nini, atakitumia mara ngapi. Hiyo ni hesabu ya maisha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kaa naye dakika kumi umuulize. Nani huyu? Kwa nini analia? Kwa nini umemwondoa huyu baba nyumbani? Watoto wanaosita kukuambia kinachowasumbua, wakati mwingine wanakijenga pale, chumba kwa chumba. Usimsute. Sikiliza.

Na umwambie yale ambayo gemu haliyasemi. Mimba ya kwenye kioo ni siku tatu; ya kweli ni miezi tisa na inahitaji kliniki mapema. Kuna neno la siri ukiliandika, "motherlode", familia inapata hela elfu hamsini papo hapo. Kwetu halipo, kuna kazi na kuna kikoba. Na ule utani maarufu wa kuondoa ngazi ya bwawa ili mtu azame, ucheke naye ukitaka, kisha mwende pamoja mkafunike pipa na ndoo za maji uani, maana mdogo wake anatambaa.

Mashabiki hawa wameniachia kitu kimoja cha kubeba nyumbani. Tunawafundisha watoto kwamba ukipenda kitu usikiseme vibaya, na ukikisema vibaya basi humpendi. Ndiyo maana binti anapigwa na mchumba anakaa kimya. Ndiyo maana mama anahudumiwa vibaya anasema asante. Wachezaji wa The Sims wamekaa miaka 25 wakisema: nakupenda, na hapa umekosea, rekebisha. Na mara kadhaa wamerekebishiwa. Mtoto akijizoeza hilo kwenye gemu, siku moja ataliweza kwenye jambo zito zaidi.

Kwa hiyo muulize mwanao leo jioni: unapenda nini kwenye hili gemu, na ungekuwa mwenye nalo ungebadilisha nini? Akiweza kujibu yote mawili, presha yako ishuke.

Maswali yawekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Wiki ijayo tunarudi kwenye ratiba yetu: mtoto kuota meno na ile homa tunayoisingizia meno.